Breki za Zawadi

Siku Thawqan alipokwenda kuchagua breki za gari la binti yake, alivaa koti lake la sherehe. Mkewe, Tharwa, alimwuliza kama anakwenda kuposa au anakwenda duka la spea, naye hakujibu, kwa sababu safari yenyewe ilikuwa na harufu ya yote mawili. Duka lilikuwa la binamu yake Mufleh, na kwa miaka mingi nyumba hizi mbili zilikuwa hazipeani hata salamu. Waligombania ukuta wa shamba la mizeituni, ukuta mfupi ambao mbuzi mzee angeuruka bila kufikiri mara mbili. Mwezi uliopita tu wazee wa ukoo walikuwa wamewapatanisha, mansaf ya wali na nyama ikapikwa, kondoo wakaliwa mpaka mifupa, na wale mabwana wawili wakabusiana mabegani mbele ya watu. Sasa mji mzima wa Salt, huku kwetu Jordan, ulikuwa unasubiri kuona kama mapatano yale yatashika au yatapasuka, na wengi, tuseme ukweli, walitamani yapasuke.

Lakini gari lilikuwa linahitaji breki kweli. Thawqan hakujaliwa mtoto wa kiume. Alikuwa na Rudayna peke yake, na pale ambapo kila mwanamume anaitwa kwa jina la kijana wake, yeye aliitwa Abu Rudayna, yaani Baba Rudayna, na aliyelitamka jina hilo kwa kejeli alilijutia. Binti alikuwa muuguzi. Alikuwa amepata kazi katika zahanati ya Shuna, chini kabisa katika bonde la Ghor, ambako mtu akishuka masikio humziba. Barabara ya kwenda huko ni kona juu ya kona, mkono huu mwamba, mkono ule hewa tupu. Gari lake lilikuwa dogo, la mtumba, jeupe, la kawaida kabisa, na usukani ulikuwa unatetemeka kila akikanyaga breki. Fundi akasema pedi za mbele zimekwisha na diski zimepinda, zote zibadilishwe, na Thawqan akaona hapo hakuna la kujadili.

Mufleh alikuwa amekaa mlangoni, mnene, mchangamfu, shanga zinapita vidoleni.

"Abu Rudayna, karibu ndani. Au umekuja kunipimia na duka?"

"Ukuta nimeuacha nyumbani, Abu Shibli. Nimekuja kununua breki."

"Basi leo mvua itanyesha. Kaa, unywe kahawa kwanza."

Akanywa. Mufleh akaweka mezani breki za namna tatu, moja baada ya nyingine, kwa madaha ya mtu anayewatoa wanawe mbele ya wageni. "Hizi ni za wakala, zimetoka kiwandani na boksi lake na muhuri wake. Hizi ni za kibiashara tu, aliyezitengeneza simjui, na nadhani mwenyewe hataki ajulikane. Na hizi ni za mtumba, zimevuliwa kwenye magari yaliyogongwa nyuma. Wapo wanaosema orijino ya mtumba inaishinda mpya ya kibiashara, na mimi siwabishii."

"Ungekuwa na binti, ungemwekea zipi?"

Mufleh alicheka, akawatupia jicho wateja waliosimama nyuma. Halafu akalisukuma mbele lile boksi la wakala. "Hizi. Kuna la kuuliza hapo?"

Thawqan akatoa pedi moja, akaipima mkononi. Ilikuwa nyeusi, nzito, kona zake safi. Diski zilikuwa zinang'aa rangi ya fedha, hata akajiona kivulikivuli ndani yake. Akasema hizi hizi, akapeleka mkono mfukoni.

"Toa mkono huko."

"Mufleh, usinifanyie hivyo. Biashara ni biashara."

"Hii si biashara. Mtoto wetu kapata kazi, na mimi ami yake sijampa kitu. Chukua uende."

"Haiwezekani kabisa."

"Talaka juu yangu nikipokea kirshi moja kutoka kwako."

Wateja wakageuza vichwa. Maskini mkewe, Umm Shibli, kwa viapo hivyo ndoa yake ilikuwa inaning'inia kila wiki kwenye bei ya spea. Lakini kiapo ni kiapo. Thawqan angeendelea kubisha angekuwa anamvunjia mtu nyumba, na mapatano nayo yangekwenda na maji. Akambusu Mufleh begani, akachukua boksi kwapani, akatoka amebeba mzigo ambao hakuulipia na kwa hiyo hakuwa na haki ya kuulalamikia. Kwetu kitu ulichopewa hukigeuzigeuzi, wala hukipeleki kwa mwingine akakisemee maneno.

Nawras, fundi wa gereji iliyopakana na duka, ndiye aliyezifunga. Alizishika diski muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akapitisha kidole ukingoni, akamtazama Thawqan, akatazama upande wa duka la Mufleh.

"Hizi umenunua?"

"Zawadi. Kutoka kwa binamu."

"Ahaa." Nawras akafuta kidole kwenye suruali. "Basi Mungu abariki." Akachukua spana, akainama, akaanza kazi.

Siku za mwanzo gari lilitulia, usukani ukaacha kutetemeka, na Thawqan akatembea mjini kichwa juu akimsifu Mufleh kwa yeyote aliyemsikiliza. Kisha Rudayna akaanza kulalamika juu ya harufu. Akifika chini, alisema, gari linanuka kama kitu kimeungua. Mama yake akamwambia kila kitu kipya kina harufu yake. Baada ya siku kadhaa akasema, wakiwa mezani, kwa sauti ya kawaida kabisa huku akichovya mkate kwenye mafuta ya zeituni, kwamba siku hizi breki akizikanyaga zinazama kidogo.

"Zinazama vipi?" aliuliza Thawqan.

"Zinazama tu, baba. Nikikanyaga mara ya pili zinashika."

Thawqan akaurudisha mkate sahanini. Alhamisi asubuhi, siku ya mapumziko ya Rudayna, alichukua gari mwenyewe, akashuka nalo kona chache za mwanzo. Kwenye kona ya kwanza breki zilishika. Kwenye ya pili mguu wake ulizama kama kwenye unga uliokandwa, gari likapunguza mwendo kwa uvivu, likisogea ukingoni, na Thawqan akavuta breki ya mkono kwa nguvu zote mpaka likasimama. Alikaa humo ndani bila kushuka. Akilini alimwona Rudayna pale alipokaa yeye, na mkoba wake wa kazini kwenye kiti cha pembeni.

Alirudi nyumbani taratibu na gia ya kwanza, akafunga geti la ua, akafungua gurudumu. Haikuhitaji elimu yoyote kuona. Ile rangi ya fedha ilikuwa imebanduka, na chini yake palikuwa na kutu ya zamani, kutu yenye mashimo. Diski ilikuwa imekerezwa mpaka ikawa nyembamba, na mahali ambapo kiwanda huandika unene unaoruhusiwa palisuguliwa pakabaki peupe. Pedi aliibonyeza kwa kucha na ukingo wake ukamegeka, ukamwagika kiganjani kama biskuti iliyolala.

Hofu ingetosha kwa mtu mwingine. Thawqan hofu ilimkaa dakika chache tu, halafu zikampanda hasira, na hasira zake zilikuwa na jina na sura. Kanilenga mimi, alisema moyoni. Kumbe hajausahau ukuta. Kanibusu bega mbele ya wazee, kisha kamfungia mwanangu kifo kwenye magurudumu, na akaapa kwa talaka ili nisiweze hata kurudisha.

Mtu mwenye akili zake angepanda basi mpaka Amman, akanunua breki nyingine, akazifunga mwenyewe ndani ya ua, yakaisha. Tharwa alimwambia hivyohivyo.

"Nunua nyingine, nyamaza."

"Ili akae dukani anacheka kwamba kanilisha uchafu nikaumeza?"

"Nani anacheka? Thawqan, mtoto anashuka kazini kesho."

"Kesho gari haliendi. Nalitaka mimi."

"Ulitakie nini?"

"Nataka aseme kwa mdomo wake."

Tharwa alimjua mumewe. Akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi tayari.

Rudayna naye aliambiwa kifupi tu kwamba kuna kitu kwenye gari baba yake anataka kukiangalia. La diski na kutu hakuambiwa. Thawqan hakutaka neno litoke nje kabla hajamkabili Mufleh, maana pale ni mji mdogo, ukipiga chafya huku unaombewa afya kule.

"Na mimi nitafikaje? Ijumaa tuko wawili tu zahanati nzima."

"Nisubiri. Nitakuwa nimerudi, nitakutafutia gari la kukupeleka."

"Baba, wewe ukisema utarudi huwa unarudi na giza."

"Nimesema nisubiri."

Akampa shavu ambusu, kama kila siku, naye akambusu, lakini kwa kununa.

Ijumaa asubuhi duka la Mufleh hufunguliwa kwa ajili ya watu zaidi kuliko biashara. Walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, na katikati yao alikuwepo Haj Fandi, mzee aliyesimamia yale mapatano na ambaye tangu hapo alikuwa anajitembeza mjini kama aliyemaliza vita kuu. Kahawa ikamiminwa. Kikombe kilipomfikia Thawqan alikipokea kwa mkono wa kulia, akakiweka chini sakafuni mbele ya viatu vyake, na hakukigusa tena.

Kila mtu pale alijua maana yake. Mgeni asiyekunywa kahawa ana haja, na haja hiyo ni nzito, na mwenyeji anayejiheshimu humkubalia kabla hata ya kuisikia. Hivyo ndivyo watu wetu wanavyoposa, na hivyo ndivyo wanavyoombea damu isamehewe. Haj Fandi akajiweka sawa kitini, uso umejaa nuru. Tayari alishaona harusi ya Rudayna na Shibli, mwana wa Mufleh, na yeye mwenyewe amekaa mbele kabisa karibu na sinia.

Mufleh alikitazama kile kikombe. Kama angeuliza kwanza, angeonekana mdogo mbele ya watu, na Mufleh hakuwa mtu wa kuonekana mdogo.

"Kunywa kahawa yako, Abu Rudayna," alisema. "Ulilolijia umelipata."

Thawqan akainama, akakiokota kikombe, akanywa mara moja mpaka machicha.

"Nataka uniendeshe mpaka Shuna. Mimi na wewe, kwa gari la binti yangu. Wewe ndiye dereva."

Kuna aliyecheka. "Hilo tu?" aliuliza Haj Fandi, na huzuni yake haikujificha. "Kwa hilo unaweka kahawa chini, mwanangu?"

"Hilo tu."

Mufleh hakucheka. Shanga zilikuwa zimesimama vidoleni. "Leo?"

"Sasa hivi."

"Basi twende na langu. Hilo la mtoto ni dogo, na tumbo langu hili unaliona."

"La mtoto. Nataka uionje zawadi yako."

Pale Mufleh angeweza kusema ukweli. Mlango ulikuwa wazi na waliokuwepo ni ndugu, wangemlaani, wangepiga makelele, kisha Haj Fandi angepata mapatano mengine ya kusimamia. Thawqan alimngoja aseme, na kwa dakika hiyo alikuwa tayari hata kumsamehe. Mufleh akainuka, akachukua koti lake kwenye msumari, akatangulia nje.

Palikuwa na jua zuri la Februari. Siku kama hiyo, Salt ikiwa bado inapuliza vidole kwa baridi, watu wote wanakimbilia Ghor kuota joto, kula mezani chini ya michungwa na kununua maharage mabichi. Barabara ilikuwa imejaa. Magari yalikuwa yanashuka yakifuatana, masufuria yamefungwa juu, watoto wamejazana nyuma. Mufleh aliingia kwenye mstari akiwa na gia ya pili, mikono miwili imeshika usukani.

"Weka ya nne," alisema Thawqan.

"Kwenye mteremko?"

"Rudayna anashuka na ya nne. Ni kijana, anachelewa kazini. Mbona unaogopa, breki si za wakala?"

Mufleh akabadilisha gia. Gari likachukua kasi. Kona ya kwanza ikapita, na ya pili, na kila mara breki zilishika, kila mara kwa kuchelewa kidogo kuliko mara ya mwanzo. Upande wa Thawqan ndio uliokuwa na hewa tupu. Aliona vilele vya miti ambavyo alivizoea kuviona kutoka chini. Alikuwa anaogopa sasa, anaogopa sana, lakini alikuwa amepanda juu ya hasira zake na hakujua pa kushukia.

"Unasikia harufu?"

"Harufu gani?"

"Ya kitu kipya."

Jasho lilikuwa linamtiririka Mufleh toka kwenye kofia mpaka shingoni. Alikuwa anakanyaga breki mara mbilimbili, halafu mara tatutatu. Moshi mwembamba ulipita kwenye kioo cha pembeni.

"Sema, kisha simama," alisema Thawqan.

"Niseme nini?"

"Unakijua cha kusema."

"Abu Rudayna, Mungu akuhifadhi, niache niendeshe."

Kwenye kona iliyofuata mguu wa Mufleh ulikwenda mpaka sakafuni, na hakuna kilichoshika. Hakupiga kelele. Alivuta gia ya pili na injini ikalia vibaya, akavuta breki ya mkono, akalitupa gari upande wa mwamba, ambako watu wa barabara walikuwa wameacha tuta la kokoto. Likapanda juu ya tuta, likakwaruza ubavu mzima, likazimika. Kokoto ziliendelea kuporomoka juu ya boneti, halafu nazo zikatulia. Moshi ulikuwa unatoka kwenye magurudumu yote mawili ya mbele.

Mufleh aliongea bila kugeuza kichwa. "Diski ni za mtumba, zimekerezwa na kupakwa rangi. Pedi sijui wamezitia nini. Kilicho cha kweli ni boksi peke yake."

Thawqan alikuwa ameyasubiri maneno haya tangu jana. Sasa yamekuja na hayakumpa raha aliyoitegemea. "Yote haya kwa ajili ya ukuta," alisema.

Mufleh akamgeukia, na mshangao wake ulikuwa wa kweli. "Ukuta gani?"

"Usijifanye. Ukuta wa mizeituni. Ulinisubiri miaka yote."

"Wewe unadhani nimekuchagua wewe?" Mufleh akajifuta uso kwa kofia. "Nilichukua mzigo mzima kwa jamaa mmoja aliyekuja na lori. Wiki tatu sikujua. Nilipojua nilikuwa nimeshauza nusu. Imamu anazo. Haj Fandi anazo. Hata Shibli mwanangu nilimfungia."

"Shibli anaendesha na hizi?"

Mufleh akatazama kokoto kwenye boneti. "Za Shibli nilizitoa."

"Na za wengine?"

"Ningewaambia nini? Ningesimama msikitini? Wewe ulipokuja na lile koti lako nilitaka kukupa nyingine, wallahi, lakini watu walikuwa wanatazama, na wewe uliuliza zipi ningemwekea binti yangu. Ningekuchagulia za mtumba mbele yao?"

Thawqan hakuwa anasikiliza tena vizuri. Siku nzima ya jana na usiku wake alikuwa amelala na ugomvi wake kifuani akiona ni wa kwake peke yake, na kumbe hakuwa mtu muhimu kiasi hicho. "Nani mwingine?" aliuliza. "Nitajie wa kwetu."

Mufleh akataja. Jirani wa juu, mwalimu wa hesabu, mtoto wa mwenye tanuri la mikate. "Na dada yako Inaam, lile gari lake la bluu. Wiki iliyopita. Nilimpunguzia bei, kwa ajili ya mapatano."

Walishuka wote wawili bila kuambiana. Simu za mkononi miaka ile zilikuwa za mawaziri, na nyumba ya karibu ilikuwa juu kabisa, zaidi ya kona tano. Magari yalikuwa yanazidi kuja. Mufleh alikimbia katikati ya barabara, tumbo mbele, akainua mikono yote miwili.

"Simameni! Simameni!"

Gari la kwanza likampigia honi kwa furaha, likamkwepa. La pili vilevile. Mtu anayesimama kando ya njia ya Ghor siku ya Ijumaa akipunga mikono anakaribisha wapita njia chai, na adabu ni kumshukuru na kuendelea na safari, maana ukisimama kwa kila anayekukaribisha hufiki. Watoto walitoa mikono madirishani. Mzee mmoja alipunguza kidogo, akachungulia nje.

"Mungu akukirimu, Abu Shibli, tumeshakunywa!"

"Breki!" alipiga kelele Mufleh. "Breki zako!"

"Na wewe pia, na wewe pia!" alijibu mzee, akidhani anaombewa dua, akapita.

"Yule nimemwuzia," alisema Mufleh, na sauti ilikuwa inamtoka kama mtu aliyekimbia maili. "Na yule. Yule wa nyuma, yule pia."

Thawqan alikuwa amepanda juu ya tuta la kokoto ili aone barabara ya juu. Aliliona gari la bluu likiwa kona mbili nyuma, likijitokeza na kupotea, likijitokeza tena, mwendo wake mzuri. Inaam huyo, na wanawe wamejaa nyuma. Hilo alilitegemea. Lilipoibuka kwenye kona ya mwisho aliona pia kwamba kiti cha mbele kina mtu, na mtu huyo amevaa nguo nyeupe za kazini.

Rudayna hakumsubiri. Kwa nini angesubiri? Zahanati ina wagonjwa, baba yake hurudi na giza, shangazi anashuka njia hiyohiyo na kiti kiko wazi. Thawqan aliteleza kwenye kokoto, akaanguka, akainuka, akaingia barabarani, akasimama bega kwa bega na Mufleh, mikono juu.

"Gia!" alipiga kelele. "Inaam, weka gia ndogo! Gia!"

Inaam aliwaona. Aliwaona ndugu wawili ambao ugomvi wao ulimnyima harusi na misiba ya miaka mingi, leo wamesimama pamoja njiani, mikono juu, wanawaita watu. Akashusha kioo mpaka chini, akaweka kiganja mdomoni, akapiga vigelegele, virefu, vya moyo mkunjufu, na watoto nyuma wakadakia.

Rudayna naye alicheka, akampungia baba yake mkono. Halafu akauona uso wake. Mkono ukabaki hewani, ukaanza kushuka.

Thawqan aliruka pembeni na gari likampita karibu kiasi cha kumpeperushia koti. Harufu ilimfikia mara moja, ile ya kitu kilichoungua. Akageuka, akaona taa nyekundu za nyuma zimewaka, zote mbili, na zikaendelea kuwaka. Inaam alikuwa amekanyaga breki. Vigelegele vilikuwa bado vinasikika, na gari likaingia kwenye kona kwa mwendo uleule.